Jina la Leso

Duka la tatu kutoka kwa fundi saa, Barabara ya Biashara,
wananijua kwa sauti tu. Napiga simu saa nne usiku
nikiwa lindoni Shimanzi, mgongo kwenye magunia ya mchele,
natamka polepole, na upande wa pili Batuli anaandika.
Nane kwa nane. Ukizidisha, maneno yanapanda kwenye pindo.
Mia nane kwa jina likikubaliwa.
Likikataliwa, alamsiki.

Sharti niliweka mimi: nisitajwe.
Mwanamume wa miraba minne, rungu kiunoni,
ambaye wavulana wa Kisauni humwita Afande,
atasemaje kwamba ndiye mwenye
CHUMVI YAKO NIMEONJA SIRUDI TENA JIKONI?

Miaka minne sasa. Nimelipa karo ya Fumo kwa wivu wa watu,
mabati ya jikoni kwa ugomvi wa mawifi.
Nimesimama foleni ya maji nyuma ya mke wa mtu,
nikaisoma kiunoni mwake kazi yangu ya Jumanne,
nikainamisha macho kama mwenye haya,
kumbe nasahihisha.
Shangazi yangu hula kiapo: mtungaji ni ajuza wa Kuze,
aliyeachika mara tatu. Maneno kama haya, asema,
hayatoki kwa mtu aliyelala usingizi.
Nikanywa chai yangu.

Lakini simu haijui kumsitiri mtu.
Pesa huingia na jina la aliyezituma:
umepokea shilingi mia nane kutoka kwa BATULI SEFU,
saa tano na robo usiku. Tena Alhamisi. Tena Jumapili.
Mimi hufuta. Na afutaye
huacha alama ya kufuta.

Mejumaa hakuuliza. Hakuvunja sahani.
Jumamosi alikwenda mjini, akarudi na mfuko wa karatasi,
akaikata leso katikati kwa mkasi, kipande kimoja
akakitandaza kitandani, upande wangu ninaolala mchana.
Zambarau, korosho nyeupe pembeni.
ULICHOFICHA USIKU MCHANA CHANISALIMU.
"Wajua kusoma?" akaniuliza.

Nilijua kusoma. Nilijua pia
kwamba mwanzo nilisema CHANIPUNGIA,
nikabadilisha, nikaona salamu inauma zaidi.
Nilimtungia mwanamke nisiyemjua
amwambie mwanamume nisiyemjua.

"Ni yangu," nikasema.
"Najua ni yako. Nimekununulia wewe."
"Maneno. Maneno ndiyo yangu."
Akacheka kicheko cha puani.
"Basi tunga jingine. Hapa. Sasa."

Nikafungua kinywa, nikakuta ghala tupu.
Wanawake wa mji mzima nimewapa ulimi,
na mbele ya huyu mmoja nimesimama
kama gunia lisilo na anwani.
Vidole tu ndivyo vilivyofanya kazi, kwa mazoea,
pajani: moja, mbili, mpaka nane, kisha tena.

Akavitazama.
Vidole hivyo anavijua. Miaka minne vimemgonga begani
alfajiri nikirudi, akidhani navuta tasbihi,
akinihesabia thawabu.

Akaketi ncha ya kitanda, juu ya neno USIKU.
Kimya. Huko nje mtu anasukuma mkokoteni wa maji.
"Wakulipa ngapi?"
"Mia nane."
"Mimi nimeinunua elfu moja na hamsini."
Akaupapasa upindo kama anayetafuta uzi uliochomoka.
"Na yule mwanamke wa dukani, mwenye pete ya fedha,
ndiye Batuli?
Hakunipunguzia hata shilingi kumi."